Shimo la Sichana

Jumatatu, 6 Machi 1967. Mtoni.

Daftari hili si langu. Nimepewa leo na Bi Wanu wa Ofisi ya Kazi za Mikono, ile iliyo ghorofani pale Darajani, niandike kila siku kikundi chetu kimefanya nini. Nikamuuliza, niandike kazi tu? Akasema, "Andika kazi, Bi Biasha, na kinachoizuia kazi." Haya. Kinachoizuia kazi ni watu, na watu wa Mtoni nnawajua, kwa hivyo daftari litajaa kabla masika hayajesha.

Niseme mambo yalivyo. Sisi wanawake wa hapa tunafukia makumbi ya nazi katika tope la pwani, kila mtu na shimo lake lililozungushiwa mawe. Tunayaacha miezi sita yaoze, tunafukua, tunayapiga kwa gongo mpaka utoke usumba, zile nyuzi zake, tunausokota kamba. Kamba zetu huchukuliwa na bwana mmoja wa Darajani anayezitazama kama anatazama samaki aliyechacha, atoe anachotaka yeye. Mama yangu kafanya hivyo mpaka vidole vikapinda, na vyangu vinaanza.

Sasa kaja huyu Bi Wanu, msichana wa miaka ishirini na tano hivi, viatu vya kisigino, anasema ofisi yao imetupatia kazi ya mazulia ya kufutia miguu, mia na ishirini, ya skuli na maafisi, yote yawe sawa, mwisho tarehe 8 Juni. Wametupa fremu nne za kufumia na wametuazima banda la zamani la mbata karibu na magofu ya jumba la kifalme. Tukiweza, banda letu moja kwa moja na tunaandikwa chama cha ushirika. Tukishindwa, banda wanapewa watu wa sabuni wa Bububu.

Akaniambia niandike majina. Nikaandika kumi na moja, langu juu kwa kuwa mie ndiye mwenyekiti.

"Hakuna mwengine anayesokota?"

Nikasema hakuna. Sichana yuko edani, mumewe Mkubwa kafa mwezi uliopita, hatoki nyumbani mpaka mwezi wa sita. Kwa hivyo sikusema uongo. Sikusema uongo sana.

Ijumaa, 10 Machi.

Tumefagia banda. Panya wawili.

Jumapili, 12 Machi.

Bamvua. Maji yametoka mbali, tukashuka kufukua. Bi Wanu alikuja na gari ya asubuhi, nikamwambia mwanangu kaa juu, huku si kwako, tope hili linanuka. Akavua viatu, akakunja baibui, akaingia mpaka magotini. Kainuka na kumbi jeusi mkononi, kalinusa, kakohoa, tukacheka sote na yeye akacheka. Lakini hakutoka. Alibeba mpaka adhuhuri, na maswali hayaishi. Kwa nini haya yamefungwa manne manne? Nikamwambia hayo yangu, mie hufunga kwa kamba nyembamba, fundo la mara tatu, kama alivyonifundisha mama. Hapa pwani hakuna mwengine anayefunga hivyo.

"Na shimo hili jirani? Mbona halikuguswa?"

La Sichana. Sikutaka kulitaja. Mawe ya shimo langu na lake yanagusana. Mwaka jana bamvua kubwa ilibomoa mawe ya katikati, karibu nusu ya makumbi yangu yakapotea, na yatapotelea wapi kama si kwake? Nikamwita mwizi mbele ya watu, pale pale tumesimama topeni. Hakunijibu neno. Mtu asiye na kosa si hujibu? Tokea siku ile hatusemezani. Kwenye msiba wa mumewe nilikwenda, nikakaa na wenzangu, nikanywa kahawa, nikarudi zangu.

Nikamjibu Bi Wanu, "La mtu hilo. Shimo la mtu huku haliguswi mpaka aseme mwenyewe."

Akaandika kwenye kitabu chake. Sijui kaandika nini.

Jumanne, 21 Machi.

Sikukuu. Nimekula, nimelala, nimeamka, nimekula.

Jumamosi, 1 Aprili.

Leo nimeaibika na nnaandika nikiwa bado na hasira, kwa hivyo mwandiko uvumiliwe.

Bi Wanu alikuja kutazama mazulia ya mwanzo manane. Tulikuwa tumejipanga kama maharusi. Akayatandika chini. Lahaula! La kwangu limevimba katikati, la Mwanakheir pembe moja imeinuka, ukilikanyaga linakurusha. Mwanakheir, ambaye hajui kunyamaza, akasema ati litafaa kwa wanaotudai, wakija mlangoni waanguke. Hakuna aliyecheka.

Nilingoja Bi Wanu atutukane kwa Kiswahili cha ofisini. Hakututukana. Alimwomba kila mmoja kamba yake, akazilaza sakafuni ubavu kwa ubavu. Kamba kumi na moja, unene kumi na moja. Yangu mwanzo nene, mwisho nyembamba, kama mkia wa panya.

"Fremu hazina kosa," akasema. "Kila mtu anasokota kwa paja lake na haraka yake. Mkiuza mafungu hayaonekani haya. Kwenye zulia yanaonekana."

Akatoka nje kuvuta pumzi. Nje alikuwepo Pandu, mume wangu, na gari lake la ng'ombe. Bi Wanu akaishika kamba aliyofungiwa yule ng'ombe, akaipitisha mkononi pole pole, urefu wote. Akaniita.

"Bi Biasha."

"Naam."

"Hii kasokota nani?"

"Kamba ya zamani tu hiyo."

Pandu, Mungu amsamehe, akadakia juu ya gari: "Ya Sichana hiyo. Mwaka wa nne huu haijakatika, na ng'ombe mwenyewe ana wazimu."

Bi Wanu akanitazama. Sikuwa na pa kuweka macho. Nikasema yuko edani, hawezi kuja bandani. Akauliza, taratibu kabisa, "Eda inamkataza kutoka. Inamkataza kusokota?"

Nilipofika nyumbani nilimshukia Pandu kama mvua. Ananiambia, "Mke wangu, si kaulizwa swali yule." Nikamwambia niliulizwa mie, hukuulizwa wewe wala ng'ombe wako.

Jumapili, 2 Aprili.

Bi Wanu kakwenda kwa Sichana, kakaa naye ukumbini muda mrefu. Katoka na mpango: usumba upigwe bandani, Pandu aupeleke kwa gari nyumbani kwa Sichana, wanawake wakasokotee huko uani mbele ya macho yake, kamba zirudi bandani kufumwa. Wote wamekubali. Mie nimesema nitasokotea bandani, mwenyekiti hawezi kuacha banda peke yake.

Hakunilazimisha. Hilo ndilo linaloniudhi kwake, hakulazimishi.

Jumatano, 5 Aprili.

Mvua.

Alkhamisi, 13 Aprili.

Kumezuka neno. Mazulia yanatakiwa mstari mwekundu ukingoni, na kamba za mstari huo zinachovywa rangi huko huko kwa Sichana. Mwanakheir kaanza kusema ati mfiwa hapaki hina wala hajipambi, sasa itakuwaje mikono yake iguse rangi nyekundu? Yeye na wengine wawili wakaogopa, wakabaki majumbani. Kazi ikasimama siku mbili.

Bi Wanu hakutoa fatwa. Akasema hili si la ofisi, twendeni kwa anayejua. Tukaenda kwa Mwalim Mcha, aliyetusomesha sote Kurani chuoni tukiwa wadogo, tukamkuta anatengeneza banda la kuku na misumari mdomoni. Akasikiliza mpaka mwisho. Akatema misumari.

"Mwenye eda ni Sichana. Zulia halikufiwa na mtu."

Akarudi kwenye kuku wake. Mwanakheir alikuwa wa kwanza kurudi kazini, na jioni mikono yake mwenyewe ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko.

Jumatatu, 17 Aprili.

Bi Wanu kapitia kamba zote. Za wenzangu zinalingana, wallahi zinalingana, unene wa kidole cha mwisho tokea ncha mpaka ncha. Akafika kwenye yangu.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Ifumue, Bi Biasha."

Nimefumua. Mara ya tatu hii.

Alkhamisi, 20 Aprili.

Mvua. Usumba haukauki. Tumeutandaza juu ya dari za majiko yetu, sasa mazulia yananuka moshi. Bi Wanu kasema moshi utatoka, ukungu hautoki.

Jumanne, 2 Mei.

Alfajiri upepo umeezua banda nusu nzima. Maji yameingia kwenye usumba wote tuliokuwa tumeupiga, ule mzuri, wa kumalizia kazi. Umelala kwenye maji machafu ya paa la zamani. Tukiukamua unatoka mweusi, tukiuosha hautakati, na mazulia lazima yawe sawa. Mazulia sabini na moja yamepona kwa sababu yalikuwa juu ya fremu. Wenzangu walilia. Mie sikulia, nilipiga teke ndoo, na sasa kidole kinaniuma.

Nimempeleka Pandu Darajani awaambie ofisi. Nnajua watakalosema. Watasema poleni, na banda litakwenda kwa watu wa sabuni.

Jumatano, 3 Mei.

Nimekosea, na nnataka iandikwe kwamba nimekosea. Saa mbili asubuhi limekuja gari la mizigo, na juu yake makuti, boriti na watu watatu wa ofisi pamoja na Bi Wanu. Makarani! Wamevua mashati, wamepanda juu. Mmoja alikuwa hajui hata kushika nyundo, kajigonga, kapanda tena. Bi Wanu anawapokeza makuti kutoka chini, kalowa chapachapa. Kufika magharibi banda lilikuwa na paa zuri kuliko lililokuwa nalo tokea kujengwa. Hakuna aliyesema "poleni" zaidi ya mara moja.

Nimeishi miaka arobaini na nne, nimeona wakubwa wa kila namna wakipita njia hii ya Bububu. Wa kupanda juu ya paa langu sikuwahi kumwona.

Jumamosi, 6 Mei.

Paa tunalo, usumba hatuna. Yamebaki mazulia arobaini na tisa na siku thelathini na tatu. Bi Wanu kazunguka soko zima la Darajani, usumba uliopo ni mweusi. Mashimo yetu tuliyafukua yote mwezi wa tatu, tuliyofukia upya bado mabichi. Shimo lililoiva pwani nzima ni moja.

Kila mtu alilijua na kila mtu alitazama chini.

Nikamwambia Bi Wanu, "Kaombe wewe. Wewe anakupenda."

"Nikiomba atanipa," akasema. "Lakini mie naondoka, Bi Biasha. Mwezi wa sita napelekwa Kizimkazi, kuna wenziwenu huko wanataka kuanza. Nyinyi mnabaki, na pwani ni moja."

Jumapili, 7 Mei.

Sikwenda. Nimefua nguo zilizokuwa safi.

Jumatatu, 8 Mei.

Nimekwenda baada ya laasiri. Hodi ya tatu ndiyo nikajibiwa karibu. Sichana alikuwa peke yake ukumbini, kakaa juu ya jamvi na nguo zake za eda, anasokota. Kakonda. Sikuwa nimemtazama usoni mwaka mzima, sikujua kakonda hivyo.

"Nimekuja kuomba," nikasema, nimesimama.

"Kaa kwanza. Mtu haombi kasimama kama askari."

Nikakaa.

"Kikundi kimekwisha usumba. Shimo lako limeiva."

"Kikundi kinaomba, au wewe unaomba?"

Nikasema, "Mie."

Mikono yake haikusimama hata kidogo. "Mkubwa kafa, Biasha. Umekuja hapa, umekaa pale penye nguzo, umekunywa kahawa, umeondoka. Watu waliokuwa hawanijui wamenishika mkono. Tumesoma chuo pamoja mie na wewe."

Nilitaka kusema nisamehe. Lakini moyoni nilikuwa bado nnaamini kaniibia, na kumwomba msamaha wa uongo mtu aliyefiwa, hapana, hata mie sina uso wa hivyo. Nikasema tu, "Nilikuwa na hasira."

"Hasira zako nnazijua tokea una meno ya utoto." Akafunga kamba. "Chukueni shimo lote. Lakini kufukua ufukue wewe, kwa mikono yako, usimtume mtu. Na ufike mpaka chini kabisa, upande wa kwako, penye jiwe jeupe."

Nikauliza kuna nini penye jiwe jeupe. Akasema nenda zako, mvua inakuja.

Jumatano, 10 Mei.

Bamvua. Wote tulishuka, lakini shimo niliingia mie. Niliwapa wenzangu makumbi juu, wao wakabeba. Mazuri, mekundu, yameiva barabara. Nilikwenda mpaka maji yakaanza kunifika kiunoni, na mgongo hauna habari tena. Nikaliona jiwe jeupe. Nyuma yake kumepangwa mawe madogo, kama ua ndani ya ua. Nikayaondoa, nikatia mkono, nikatoa fungu.

Makumbi manne. Kamba nyembamba. Fundo la mara tatu.

Nikatoa la pili, la tatu. Kumi na nane. Yote yangu, hakuna hata moja lililofunguliwa. Maji yalipobomoa mawe yaliingia kwake kweli, na yeye kayakusanya moja moja, kayajengea ukuta wake yasichanganyike, kila akifukua ya kwake anayarudisha mahali pake. Ananingojea nije niyachukue, na mie nikaja na neno lile.

Nilikaa kitako ndani ya tope. Mwanakheir akapiga kelele, "Bi Biasha! Umechomwa na mwiba wa taa?" Laiti angekuwa samaki.

Nikasimama. Nikawaambia wanawake wote, kwa sauti, kwa kuwa lile neno pia nililisema kwa sauti: "Mwaka jana nilimwita Sichana mwizi hapa hapa. Makumbi yangu ni haya. Mwizi hakuwepo, alikuwepo mjinga, na mjinga ni mie."

Mwanakheir akanipa mkono, nikatoka shimoni.

Nimekwenda kwake vile vile na tope langu, fungu moja mkononi. Nimelia mlangoni kama mtoto, na sijali nani kaona. Nikamwambia, "Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulikuja na jibu lako."

"Nisamehe, Sichana."

"Nshakusamehe siku nyingi. Nilitaka tu uchafuke kidogo."

Akanipa maji ya kunawa. Kisha nikamshika mkono, kama nilivyotakiwa kumshika mwezi wa pili, nikampa pole ya Mkubwa.

Ijumaa, 12 Mei.

Makumbi yangu ya mwaka mzima topeni yametoa usumba laini ajabu, wa rangi ya asali. Nimeanza kusokotea kwa Sichana. Kakaa ubavuni mwangu. Kamba ya kwanza akaipitisha mkononi.

"Ifumue."

Kumbe Bi Wanu kaokota neno hilo kwake.

Jumanne, 30 Mei.

Mia na tatu. Mvua imepungua. Sina nguvu za kuandika.

Alkhamisi, 8 Juni.

Mia na ishirini, na moja ya ziada.

Walikuja wale makarani watatu na mkubwa wao wa ofisi, mzee mwenye miwani. Akaamuru mazulia yapangwe moja juu ya jengine, rundo moja kwa kila ishirini. Marundo sita yakasimama wima bila kuegemezwa. Akatoa tepu, akapima hapa na pale, akairudisha mfukoni kabla hajafika rundo la tatu. Juu ya rundo la mwisho kulikuwa na zulia la usumba ule wa asali. Akalipapasa, akauliza hili limefanywaje hata likawa laini hivi.

"Limelala sana," nikamjibu.

Banda letu. Kasema mbele ya watu wote, na karatasi ina muhuri. Mwanakheir kapiga kigelegele mpaka ng'ombe wa Pandu akataka kukimbia, kamba ikamshika.

Bi Wanu akanambia niandike majina ya chama upya. Nikaandika Sichana juu, kisha wengine, langu la kumi na mbili. Akasoma, akatabasamu.

"Siku ya kwanza ulinambia hakuna mwengine."

"Nilikuwa mwongo siku hiyo."

"Nilijua. Kabla sijaja huku nilimuuliza bwana wa Darajani nani anasokota vizuri Mtoni. Alitaja jina moja tu."

Nikashtuka. "Basi kwa nini hukumwandika wewe?"

"Ningemwandika mie, angekuwa mtu wa ofisi. Nyinyi mngemfanyaje mie nikishaondoka?"

Msichana wa miaka ishirini na tano! Nimempa lile zulia la ziada. Amekataa, nikamtilia ndani ya gari kwa nguvu. Kizimkazi wana bahati, na hawajui bado. Watamwambia kaa juu, mwanangu, huku si kwako.

Jumatatu, 12 Juni.

Eda ya Sichana imekwisha jana. Leo asubuhi tumemfuata wanawake wote kumi na mmoja, kaoga, kavaa kanga mpya, tukamtoa mlangoni. Nilidhani atataka kuliona banda. Alilitazama kwa mbali, akasema zuri, akapita. Akateremka pwani moja kwa moja, maji yalikuwa yanatoka, akavua viatu kando ya shimo lake. Tupu, nimelifukua mpaka chini.

Akainama, akaanza kuondoa mawe. Nikadhani anataka kuyapanga upya. Kumbe anaondoa yale ya katikati, yaliyo baina yake na mie, anayatupa nje.

Nikaingia nikamsaidia. Mawe mengine mazito, tuliyainua wawili. Tulipomaliza lilikuwa shimo moja, kubwa kuliko yote pwani.

Nikamwambia, "Bamvua ikija ikachukua ya kwangu, safari hii sitakulaumu."

Akanawa tope mikononi.

"Utanilaumu tu, Biasha. Lakini utakuja uniulize kwanza."